Moyo ukisimama barabarani: sababu gani nchi zingine zinaokoa watu wengi kuliko zingine

Tarehe 17 mwezi wa tatu mwaka wa 2012, Fabrice Muamba, mzaliwa wa Kinshasa aliyehamia Uingereza akiwa na miaka 11, alianguka katikati ya uwanja mjini London bila kuguswa na mtu. Timu yake ya Bolton ilikuwa inacheza na Tottenham katika robo fainali ya kombe la FA. Madaktari wa timu walianza kumkandamiza kifua palepale kwenye nyasi. Daktari wa moyo aliyekuwa amekuja kutazama mpira kama shabiki, Andrew Deaner, alishuka kutoka kwa watazamaji akaungana nao. Moyo wa Muamba ulikaa dakika 78 bila kupiga wenyewe, na alishtuliwa kwa umeme mara 15. Mwezi mmoja kisha, alitoka hospitalini kwa miguu yake. Hakurudi kucheza, lakini yuko hai.

Miaka tisa mbele ya hapo, tarehe 26 mwezi wa sita mwaka wa 2003, Mkameruni Marc-Vivien Foé alianguka vilevile mjini Lyon, Ufaransa, katika nusu fainali ya kombe la Mashirikisho dhidi ya Kolombia. Alitolewa uwanjani kwa machela, na madaktari wakapambana karibu dakika 45 ili kurudisha moyo wake. Walishindwa. Alikuwa na miaka 28.

Visa viwili peke yake haviwezi kuthibitisha kitu, na ugonjwa wa mmoja si lazima uwe ugonjwa wa mwingine. Lakini vifo vya namna hiyo viliamsha watu wa mpira. Mwaka wa 2013, FIFA iligawia mashirikisho ya nchi zote wanachama mfuko wa dharura wenye mashine ya kushtua moyo. Na mwaka wa 2021, Christian Eriksen alipoanguka Copenhagen wakati Denmark inacheza na Finland, masaji ya moyo ilianza upesi, mashine ikamshtua mara moja, na akaamka akiwa bado uwanjani. Mwaka uliofuata alirudi kucheza katika ligi ya Uingereza.

Hao ni watu waliozungukwa na madaktari na kamera. Swali kubwa ni la mtu asiyejulikana: mama anayeanguka sokoni, baba anayeanguka kanisani, kijana anayetolewa ndani ya maji. Kadiri ya nchi anamoishi, nafasi ya mtu huyo ya kupona inaweza kuzidi ya mwenzake mara kumi.

Krizi ya moyo na moyo kusimama si kitu kimoja

Watu wengi wanachanganya mambo haya mawili. Krizi ya moyo inatokea wakati mshipa unaopeleka damu kwenye nyama ya moyo unazibwa. Mgonjwa anasikia kifua kinabana, anatoka jasho, pengine maumivu yanafika kwenye mkono au kwenye taya. Lakini bado anasema, bado anapumua, na moyo wake bado unapiga. Huyo anapaswa kufikishwa hospitali haraka.

Moyo kusimama ni jambo lingine. Moyo unaacha kusukuma damu. Mara nyingi haunyamazi palepale, ila unatetemeka ovyo, kama injini inayounguruma bila kuvuta gari. Mtu anaanguka, hajibu, hapumui vizuri. Krizi ya moyo inaweza kusababisha hali hiyo, lakini hata kuzama majini, kupigwa na umeme, kutokwa na damu nyingi au ugonjwa wa moyo wa kuzaliwa nao vinaweza kuisababisha.

Toka hapo saa inaanza kuhesabu. Ubongo usiopata damu unaanza kuharibika kwa muda wa dakika chache. Madaktari wanakadiria kwamba kwa mtu ambaye moyo wake unatetemeka, kila dakika inayopita bila masaji ya moyo na bila mashine inapunguza nafasi ya kupona kwa 7 mpaka 10 kwa mia. Baada ya dakika kumi bila msaada wowote, karibu hakuna kinachobaki. Hakuna mji, hata wenye utajiri wa namna gani, ambamo ambulansi inafika kila mara kabla ya dakika hizo kuisha. Kwa hiyo maisha ya aliyeanguka yako kwanza mikononi mwa yule aliye karibu naye.

Takwimu zinaonyesha nini

Mwaka wa 2017, watafiti wa Ulaya walihesabu kwa miezi mitatu watu ambao moyo wao ulisimama nje ya hospitali katika nchi 28. Walipata visa zaidi ya 37,000. Kati ya wale waliojaribiwa kuokolewa, 8 tu kwa mia walibaki hai. Hiyo ni hesabu ya Ulaya nzima kwa jumla. Nchi kwa nchi, tofauti ilikuwa kubwa: kutoka sifuri mpaka 18 kwa mia. Tofauti nyingine ilionekana kwenye msaada wa raia: katika nchi moja, wapita njia walianza masaji ya moyo kwa visa 13 tu kati ya 100, na katika nchi nyingine kwa visa 82 kati ya 100.

Huko Asia, utafiti mwingine ulilinganisha Japani, Korea Kusini, Singapore, Malaysia, Taiwan, Thailand na Dubai, kati ya mwaka wa 2009 na 2012. Huko pia, waliotoka hospitalini wakiwa hai walikuwa kutoka nusu ya mtu mpaka watu 8 na nusu kwa kila 100.

Huko Marekani, moyo unasimama nje ya hospitali kwa watu karibu 350,000 kila mwaka, na anayepona ni karibu mmoja kati ya kumi. Kwa hiyo hata pale penye hospitali kubwa na magari mazuri, kifo ndiyo kawaida. Wanaopona ni wachache, na idadi yao inaongezeka pale tu ambapo nchi imeamua kufanya kitu.

Denmark iliamua

Mfano unaotajwa sana ni wa Denmark. Mwaka wa 2001, nchi hiyo ilikuwa katika hali mbaya. Kati ya Wadenmark 100 walioanguka kwa sababu ya moyo, 21 tu walipata masaji ya moyo kutoka kwa mtu wa karibu. Waliokuwa hai siku 30 baadaye hawakufika 4 kwa mia.

Serikali haikuanza na kujenga hospitali mpya. Kuanzia mwaka wa 2005, shule za msingi zilipaswa kufundisha watoto masaji ya moyo. Mwaka wa 2006, sheria ilisema kwamba mtu anayetafuta leseni ya kuendesha gari anapaswa kwanza kufuata mafunzo hayo. Mashine za kushtua moyo zikawekwa mahali pa watu wengi na kuandikwa kwenye orodha moja, ili anayepokea simu ya dharura aweze kusema iliyo karibu iko wapi. Baadaye, kazi ya kupokea simu hizo ikapewa wauguzi na watu wengine wa afya, wanaoweza kumwongoza mpigaji simu: weka mikono hapa, kandamiza, hesabu pamoja nami.

Mwaka wa 2010, waliopata masaji kutoka kwa raia walikuwa wamefika karibu 45 kwa mia, na waliokuwa hai siku 30 baadaye walikuwa karibu 11 kwa mia. Kwa miaka kumi, idadi ya wanaopona iliongezeka mara tatu.

Katika mji wa Seattle, Marekani, kazi kama hiyo ilianza zamani zaidi. Huduma yake ya ambulansi ilianzishwa mwaka wa 1970, na upesi wakuu wake waliona kwamba gari peke yake halitoshi. Wakaanza kufundisha wakaaji wa mji, na baadaye wapokea simu nao wakaanza kuongoza watu kwa simu.

Mashine mikononi mwa walinzi

Masaji ya moyo inasukuma damu kidogo ili ubongo usife. Lakini moyo unaotetemeka unahitaji mara nyingi kushtuliwa kwa umeme ili upige tena kwa utaratibu. Mashine za leo zinasema zenyewe kwa sauti la kufanya, na haziwezi kumshtua mtu ambaye moyo wake hauhitaji. Ndiyo maana nchi nyingi ziliacha kuziweka mikononi mwa madaktari peke yao.

Utafiti uliotolewa mwaka wa 2000 ulionyesha jambo lililoshangaza wengi. Katika kazino za Marekani, walinzi wa mlango walifundishwa kutumia mashine hizo. Kati ya wateja walioanguka mbele ya watu na kushtuliwa kabla ya dakika tatu kupita, 74 kwa mia walipona. Waliochelewa kupita dakika tatu, walipona 49 kwa mia. Walinzi hao hawakuwa na diploma ya afya. Walikuwa karibu, na walikuwa wamefundishwa.

Huko Japani, mtoto wa familia ya kifalme, Prince Takamado, alikufa mwaka wa 2002 baada ya moyo wake kusimama akicheza skwashi. Mwaka wa 2004, serikali iliruhusu raia wa kawaida kutumia mashine. Watafiti walipotazama miaka ya 2005 mpaka 2013, waliona kwamba walioshtuliwa na raia walipona na akili timamu kwa karibu 38 kwa mia, lakini waliongojea ambulansi walifika 18 tu. Ufaransa iliruhusu kila mtu kuzitumia mwaka wa 2007.

Hesabu inayoweza kudanganya

Anayesoma takwimu hizi anapaswa kuwa macho. Seattle inajulikana kwa kupona kwa karibu nusu, na Ulaya kwa 8 kwa mia. Je, Seattle ni bora mara sita? Hapana. Ile nusu ni ya kundi dogo: watu walioanguka mbele ya macho ya wengine, na ambao moyo wao ulikuwa bado unatetemeka, hali ambayo mashine inaweza kusaidia. Ile 8 ya Ulaya inahesabu wote waliojaribiwa, hata wale waliokutwa chumbani baada ya muda mrefu.

Kuna jambo lingine. Nchi ambayo ambulansi yake haianzi kazi kwa mtu anayeonekana hana tumaini itakuwa na hesabu nzuri, kwa sababu wengi wa waliokufa hawaingii kwenye daftari. Nchi inayojaribu kwa kila mtu itaonekana dhaifu. Ili kuondoa fujo hiyo, wataalamu walikutana mwaka wa 1990 katika monasteri ya zamani ya Utstein, karibu na mji wa Stavanger, Norway. Walikubaliana namna moja ya kuandika: nani alimwona mgonjwa akianguka, nani alianza masaji, moyo ulikuwa katika hali gani, dakika ngapi zilipita. Mpaka leo namna hiyo ya kuandika inaitwa kwa jina la Utstein.

Hata ndani ya nchi moja, msaada haugawanyiki sawa. Utafiti wa Marekani uliotolewa mwaka wa 2012 ulionyesha kwamba anayeanguka katika mtaa maskini wa watu weusi ana nafasi ndogo zaidi ya kupata masaji kuliko anayeanguka katika mtaa tajiri wa wazungu. Na mwaka wa 2017, watafiti wengine wa huko walieleza kwamba barabarani wanaume walisaidiwa kwa 45 kwa mia, lakini wanawake kwa 39. Moja ya sababu zinazotajwa ni woga wa kugusa kifua cha mwanamke mbele ya watu.

Woga mwingine ni wa kushtakiwa: mtu akifa mikononi mwangu, familia itasema nini? China iliweka katika sheria, mwaka wa 2017, kwamba anayesaidia kwa hiari katika dharura hatahukumiwa kwa madhara yanayoweza kutokea. Ufaransa ilipitisha sheria yake ya raia mwokoaji mwezi wa saba mwaka wa 2020.

Mashariki mwa Kongo, dakika za kwanza

Katika Goma, Bukavu, Uvira, Butembo au Bunia, anayeanguka hapandi ambulansi mara nyingi. Anabebwa na ndugu, majirani, teksi, au wamotari. Mgonjwa anawekwa katikati, kati ya dereva na ndugu anayemshika. Kwa mtu aliyevunjika mguu, hiyo inaweza kumfikisha. Kwa mtu ambaye moyo wake umesimama, kila dakika juu ya pikipiki ni dakika bila damu kwenye ubongo, kwa sababu hakuna anayeweza kumkandamiza kifua akiwa ameketi. Kuna familia zinazomwaga maji usoni au kumpepea mgonjwa. Zinafanya hivyo kwa upendo, lakini hakuna kati ya hayo kinachosukuma damu.

Ukweli unapaswa kusemwa: masaji peke yake, bila mashine na bila hospitali yenye uwezo nyuma yake, haitaokoa watu wengi kama Denmark. Lakini si kila moyo unaosimama ni wa mzee mwenye ugonjwa wa muda mrefu. Kwenye Ziwa Kivu na Ziwa Tanganyika watu wanazama, wengi wao wakiwa vijana na watoto wenye moyo mzima. Katika mitaa yenye nyaya za umeme zilizofungwa ovyo, watu wanapigwa na umeme. Kwa hao, pumzi na masaji vinavyoanza mara moja vinaweza kutosha, hata bila mashine.

Mafunzo kwa watu wa barabarani yamekwisha jaribiwa katika Afrika. Mjini Kampala, Uganda, watafiti waliwafundisha polisi, madereva wa teksi na viongozi wa mitaa huduma ya kwanza kwa majeruhi. Sierra Leone ilifanya hivyo na waendesha pikipiki katika eneo la Makeni. Mafunzo hayo yalihusu zaidi ajali na damu kutoka, si moyo. Lakini yalionyesha kwamba mtu ambaye tayari yuko barabarani kila siku anaweza kuwa mwokoaji wa kwanza. Huku Kongo, Msalaba Mwekundu una wajitoleaji wanaofundisha huduma ya kwanza, na kanuni ya adhabu ya nchi inaadhibu anayekataa kwa makusudi kumsaidia mtu aliye hatarini.

Ya kufanya mtu akianguka

Wataalamu wa kufufua moyo wanashauri hatua ambazo hazihitaji dawa.

Kwanza, hakikisha mahali ni salama. Kama ni umeme, kata umeme kabla ya kumgusa. Mtikise mabegani na kumwita kwa nguvu. Kama hajibu, tazama kama anapumua, kwa sekunde zisizozidi kumi. Kukoroma au kuvuta pumzi moja moja kama samaki nje ya maji si kupumua. Hiyo ni alama ya moyo uliosimama, na watu wengi wanapoteza dakika wakidhani mgonjwa bado anapumua.

Pili, ita watu. Mmoja apige simu kwa hospitali iliyo karibu na kutafuta gari, si pikipiki. Mwingine aanze kazi.

Tatu, mlaze chali juu ya kitu kigumu, si juu ya godoro. Weka kisigino cha mkono mmoja katikati ya kifua, juu ya mfupa, na mkono mwingine juu yake. Nyoosha viwiko. Kandamiza kwa uzito wa mwili, kwenda chini sentimita 5 mpaka 6 kwa mtu mzima, mara 100 mpaka 120 kwa dakika moja. Acha kifua kirudi juu kila mara. Mbavu zinaweza kuvunjika, na mbavu zinapona. Badilishaneni kila dakika mbili, kwa sababu kazi hiyo inachosha haraka.

Anayeogopa au asiyejua kupuliza mdomoni anaweza kukandamiza tu. Lakini kwa mtoto na kwa aliyezama, hewa ndiyo iliyokosa kwanza: inua kidevu, ziba pua, puliza mara tano, kisha endelea na makandamizo 30 kwa pumzi mbili. Usipoteze wakati ukimbinya tumbo ili maji yatoke.

Nne, usiache mpaka mgonjwa aanze kupumua vizuri, au watu wa afya wachukue nafasi, au nguvu ziishe. Akiwa anapumua, mlaze ubavu. Usimkandamize mtu anayejibu na kupumua.

Na kuna yale yanayofanyika kabla ya kuanguka: kupima presha, kufuata dawa, kuacha sigara, kwenda hospitali upesi kifua kinapobana. Kijana anayezimia wakati wa michezo, au ambaye ndugu yake alikufa ghafla akiwa bado kijana, anapaswa kupimwa moyo kabla ya kurudi uwanjani.

Wengi watasema kwamba mambo haya ni ya nchi tajiri. Norway inajibu kwa historia yake. Mnamo 1960, madaktari wa Baltimore, Marekani, walikuwa wamechapisha kwamba mikono miwili juu ya kifua inaweza kusukuma damu. Mwaka huohuo, mtengenezaji wa vitu vya kuchezea watoto mjini Stavanger, Asmund Laerdal, ambaye mtoto wake mwenyewe aliponea chupuchupu kufa maji, alitoa mwanasesere wa kufundishia watu kupuliza pumzi. Mwaka wa 1961, somo la kufufua mtu likaingia katika shule za Norway. Mafuta ya petroli yaliyoitajirisha nchi hiyo yalivumbuliwa mwaka wa 1969, wakati somo hilo lilikuwa tayari shuleni.